Kelele Nazo Zina Mwenyewe

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini baada ya kuyakosa hewani, leo naomba tuzungumze juu ya kelele. Ninazozisema ni kelele za muziki, zile ambazo mzee akizisikia huuliza kama redio imeharibika.

Ijumaa moja mwezi uliopita, yapata saa kumi na moja jioni, nilikuwa studio nikisubiri zamu yangu. Simu ikalia. Ulikuwa ni ujumbe kutoka kwa mtoto wa dada yangu, ambaye alizaliwa na kukulia Bristol, Uingereza. Alikuwa amenitumia albamu nzima yenye nyimbo tisa, aliyoitengeneza pamoja na wenzake wawili. Maneno yake yalikuwa machache: "Shikamoo mjomba. Sikiliza kwa sauti kubwa. Ukipenda, itangaze."

Nikampa fundi mitambo wetu simu, akaiunganisha kwenye spika kubwa za studio. Hazikupita sekunde kumi, akachomoa waya. Akaukagua, akaupuliza, akaurudisha mahali pake. Mambo yakawa yale yale. Akanitazama kwa masikitiko, akasema, "Kaka, faili hili limeharibika." Nikamwambia tujaribu wimbo wa pili. Nao ulikuwa umeharibika vile vile. Wa tatu kadhalika. Hapo ndipo tulipong'amua kwamba hakuna kilichoharibika. Walikusudia.

Nitajaribu kukueleza tulichokisikia. Kulikuwa na ngoma zinazokimbia kana kwamba mpigaji anafukuzwa na nyuki. Chini yake besi ilikuwa ikitembea taratibu, nusu ya mwendo wa ngoma, nzito hadi vioo vya studio vikatetemeka. Juu yake kijana mmoja alikuwa akighani kwa lafudhi ya Jamaika, maneno yakitoka kama mvua ya mawe. Na vitu vyote vitatu, ngoma, besi na sauti ya mtu, vilikuwa vikikoroma kama spika iliyopasuka.

Fundi wangu alisikiliza hadi wimbo wa nne, kisha akacheka. "Kumbe ni singeli ya Wazungu!" Nilicheka naye, lakini nikamwambia amekosea kidogo. Singeli ni yetu, imezaliwa hapa hapa Dar es Salaam kwenye mitaa ya uswahilini, na mbio zake hazina deni kwa London. Na muziki huu wa Uingereza, ukiutafutia ukoo, utakufikisha Jamaika na Marekani kabla hujamwona huyo Mzungu.

Muziki huo uliitwa Jungle, neno lenye maana ya msitu, na baadaye ukaja kujulikana zaidi kwa jina la drum'n'bass, yaani ngoma na besi. Ule wenye waghani wa Kijamaika ndani yake ukaitwa ragga jungle. Ulizaliwa London mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ngoma zake hupigwa mapigo 160 hadi 170 kwa dakika.

Ili tuuelewe, turudi nyuma kidogo. Mwaka 1948 meli iitwayo Empire Windrush ilitia nanga Tilbury, karibu na London, ikiwa na mamia ya watu kutoka visiwa vya Karibi waliokwenda kutafuta kazi. Wengine wengi wakafuata. Walikwenda na desturi yao ya kukodi ukumbi au kutumia chumba cha chini cha nyumba, kupanga spika kubwa kama makabati, na kupiga santuri usiku kucha huku mtu mmoja akighani juu yake. Katika desturi hiyo besi haisikilizwi kwa masikio pekee. Inasikilizwa kwa kifua.

Mwaka 1985 huko Kingston, mwimbaji Wayne Smith na mtayarishaji King Jammy walitoa wimbo uitwao "Under Mi Sleng Teng". Mdundo wake wote ulitoka kwenye kinanda kidogo cha Casio, ndugu wa vinanda tulivyovizoea sisi kwenye mchiriku. Kiwandani Japani, mhandisi mmoja mwanamke, Okuda Hiroko, alikuwa ameutia mdundo huo ndani ya kinanda ili mnunuzi abonyeze kitufe na kufanya mazoezi. Wajamaika walibonyeza kitufe, wakaongeza besi, na muziki wa kisiwa chao ukabadilika. Huo ndio raga.

Miaka michache baadaye watoto na wajukuu wa wahamiaji wale, pamoja na vijana Wazungu waliokua nao mitaa ile ile, walishika kompyuta na mashine iitwayo sampla. Kazi ya sampla ni kunyofoa kipande cha sauti kutoka santuri yoyote, kukihifadhi, kukikata na kukirudia utakavyo. Wakanyofoa ngoma za Wamarekani Weusi, wakaziharakisha. Wakanyofoa sauti za waghani wa Jamaika, wakazibandika juu. Redio kubwa zilikuwa zikiupa muziki huo nafasi finyu, hivyo ukapitia vituo visivyo na leseni, kama Kool FM kilichoanza mwaka 1991 mashariki mwa London. Vijana walikuwa wakipandisha antena juu ya maghorofa marefu ya serikali. Maofisa wakija na kuzichukua, wao hutafuta mtambo mwingine na ghorofa jingine, kisha wakarudi hewani.

Mimi ni mtu wa redio mwenye stashahada yangu ya uandishi wa habari, nami sipendi kusifu uvunjaji wa sheria. Lakini nakiri kwamba kila nikiwafikiria wale vijana wakipanda ngazi usiku wakiwa na waya mabegani, naona kazi yangu mwenyewe ndani yake.

Sheria nayo ilijaribu kuueleza muziki wa kizazi kile. Mwaka 1994 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyowapa polisi uwezo wa kuvunja mikusanyiko ya usiku ya watu 100 na zaidi kwenye viwanja vya wazi. Ndani yake wabunge walilazimika kusema ni muziki wa namna gani wanaoukusudia, wakaandika kwamba ni pamoja na sauti ambazo kwa sehemu kubwa ni midundo inayojirudia. Hebu fikiri, msikilizaji, ni ngoma gani ya babu zetu ingesalimika mbele ya maneno hayo.

Sasa, kwa nini sauti ikorome? Pale studio tuna mita yenye sehemu nyekundu. Tunafundishwa siku ya kwanza kwamba sindano isiguse nyekundu. Sauti ikizidi uwezo wa mtambo, vilele vya mawimbi yake hukatwa, kama mti uliogonga dari, na pale palipokatwa huzaliwa sauti nyingine ambazo hazikuwamo mwanzo. Huko ndiko kukoroma. Kwa fundi ni kosa. Kwa vijana hawa ni rangi wanayoitafuta, maana kwao spika inayokoroma ndiyo inayoonyesha kwamba ukumbi umejaa na usiku umekolea.

Jumapili nikampigia simu kijana wangu. Kiswahili chake ni kizuri, maana dada yangu hakubali kuitwa "mummy" ndani ya nyumba yake. Nikampongeza. Nikamuuliza maana ya hili na lile. Halafu nikamuuliza swali ambalo kwangu lilikuwa jepesi tu: "Mwanangu, huyu anayepiga ngoma ni nani? Kwenye jalada naona majina matatu, wewe wa kompyuta, mwenzako wa besi na mghani wenu. Mpiga ngoma simwoni."

Akasema, "Hiyo ni Amen, mjomba. Kila mtu anaitumia."

"Najua ni Amen. Aliyeipiga ni nani?"

Kimya. Kijana aliyetumia miezi minane kuzikatakata ngoma zile vipande vipande, anayejua kila mgongano wa kijiti na ngozi, hakujua jina la mtu aliyezipiga.

Nikamwambia. Mwaka 1969 kundi la The Winstons kutoka Washington lilitoa santuri yenye wimbo "Color Him Father". Wimbo huo ulivuma sana Marekani, ukapata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Santuri ina pande mbili, na upande wa pili lazima ujazwe. Waliujaza kwa kipande cha ala tupu, "Amen, Brother". Katikati ya kipande hicho wenzake wananyamaza, na mpiga ngoma, Gregory Coleman, anabaki peke yake kwa muda wa kama sekunde saba. Baada ya hapo wanaendelea pamoja, na hadithi ingekuwa imeishia hapo.

Haikuishia. Mwaka 1986 kipande hicho kilitiwa kwenye mkusanyo wa santuri uliotolewa New York kwa ajili ya wapigaji wa muziki wa kumbi. Kutoka hapo wana hip-hop wakakinyofoa, kisha vijana wa London. Leo nyimbo zilizojengwa juu ya sekunde zile saba zinahesabiwa kwa maelfu. Muziki mzima wa Jungle umesimama juu ya mikono ya mtu yule kama nyumba juu ya msingi.

Richard Spencer, aliyeliongoza kundi hilo na kupiga saksafoni, alikuja kujua habari hizi mwaka 1996, alipopigiwa simu kutoka Uingereza na watu waliokuwa wakiitafuta kanda asilia ya wimbo. Gregory Coleman alifariki mwaka 2006 mjini Atlanta akiwa fukara asiye na makazi. Kwa sekunde zile saba hakulipwa kitu. Spencer alipata kusema kwamba pengine mwenzake huyo alikufa bila hata kujua alichoifanyia dunia.

Mwaka 2015 watu wawili wa Uingereza wapendao muziki huo walianzisha mchango, wakakusanya pauni 24,000 na kumpelekea Spencer. Ni jambo la heshima. Spencer alishukuru, naye akafariki mwaka 2020. Lakini Coleman alikuwa ameshalala kaburini miaka tisa mchango ulipokuja.

Kijana wangu alisikiliza bila kunikatiza. Nami, nikiona amenyamaza, nikazidi kuhubiri. Nikamkumbusha kwamba hata waghani wengi wa Jamaika walinyofolewa sauti zao na kubandikwa kwenye santuri za London bila kuombwa. Nikamkumbusha mwaka 1994, pale wimbo "Incredible" wa mtayarishaji M-Beat na mghani General Levy ulipoingia kwenye kumi bora ya Uingereza. Gazeti moja likamnukuu Levy kwa namna iliyoeleweka kwamba anajiona mtawala wa Jungle. Wapigaji wakubwa wa muziki huo wakaungana, wakaacha kumpiga. Nikamwambia: angalia, walikasirika kwa sababu mtu mmoja alionekana kujimilikisha kilichokuwa cha wote. Na hao hao waliokasirika, ni wangapi waliokuwa wamemtaja Coleman?

Nilikuwa na sababu ya kuwa mkali. Miaka kadhaa iliyopita sauti yangu ilikatwa kutoka kwenye kipindi na kubandikwa kwenye tangazo la biashara ambayo sitaitaja. Sikuombwa wala kulipwa. Nilikuwa nikipita sokoni najisikia kwenye vipaza sauti nikisifu bidhaa ambayo sijawahi kuionja. Nilipolalamika nikaambiwa nishukuru, maana nazidi kujulikana. Uchungu wa jambo lile bado ninao. Kwa hiyo nilizungumza na kijana kama mtu mwenye haki yake mkononi.

Nilipomaliza, akauliza kwa adabu kabisa: "Mjomba, ule muziki unaofungua kipindi chako, lile gitaa, ni la nani?"

Ndugu msikilizaji, wewe unalijua gitaa hilo. Umelisikia leo kabla sijakusalimu, na umelisikia kila wiki kwa miaka kumi na mmoja. Ni sekunde kumi na mbili za gitaa la solo kutoka kwenye wimbo wa dansi wa miaka ya 1970. Nililitoa mimi mwenyewe kwenye kanda ya zamani, nikalikata, nikalifanya kiashirio cha kipindi. Sikumwomba mtu. Jina la bendi nililijua. Jina la mpiga gitaa sikulitafuta. Wakati ule, ungeniuliza, ningekujibu kama kijana alivyonijibu: ni muziki wa zamani, kila mtu anautumia.

Nikamwambia nitampigia baadaye.

Ilinichukua siku tisa. Nilianza na mzee mmoja aliyepata kupiga tarumbeta katika bendi ile, akanielekeza kwa mwingine, na huyo akanielekeza Temeke, kwa kijana anayetengeneza simu kwenye kibanda karibu na stendi. Ni mtoto wa mpiga gitaa. Mzee mwenyewe ametutoka miaka minne iliyopita. Nilijitambulisha. Akaendelea kukaza skrubu ndogo kwenye simu ya mteja, kisha akasema bila kuinua macho, "Nakufahamu. Baba alikuwa akiizima redio, kipindi chako kikianza."

Nilimuuliza kwa nini hakuja kutuona. Akasema aliwahi kuja, mara moja. Alifika getini, akaulizwa ana miadi na nani, hakuwa na jina la kutaja. Akarudi nyumbani.

Nilikaa pale kwenye benchi kama saa nzima. Wateja wakaja, wakaondoka. Hatimaye akaniuliza swali moja: "Kwa miaka kumi na mmoja, ni kiasi gani?" Sikuwa na jibu. Naweza kukueleza kwa mpangilio mzuri habari za Coleman wa Atlanta, mwaka kwa mwaka. Habari za mzee wa Temeke, aliyekuwa akiishi kilomita chache kutoka studio yangu, nilikuwa sizijui hata kidogo.

Tulipofikia ni hapa. Suala la malipo nimelipeleka kwa wakubwa wangu kwa maandishi, nakala nimempa yule kijana, naye ana namba yangu ya simu na jina la kutaja getini. Jina la baba yake nilitaka kulitangaza leo. Ameomba nisubiri, kwanza azungumze na ndugu zake, maana ni la familia nzima. Nitasubiri. Ila gitaa lenyewe, mliolisikia leo, ndiyo mara ya mwisho kulisikia hadi tutakapokubaliana.

Juzi nilimpigia tena mtoto wa dada yangu, nikamsimulia yote bila kujipendelea. Naye akanipa habari zake. Yeye na wenzake wamekaa wakaandika upya jalada la albamu. Majina yao matatu yamebaki pale yalipokuwa. Chini yake wameandika jina la Gregory Coleman, mpiga ngoma, na la kundi lake, na majina ya waghani wawili wa Jamaika ambao sauti zao walizinyofoa. Wale wawili wako hai, na wamewaandikia kuomba ruhusa. Mmoja amejibu na kutaja bei yake. Bei ni kubwa kuliko walivyotarajia, kwa hiyo wimbo wa saba huenda ukaondolewa. Mwenzake wa besi amekasirika, anasema ndio wimbo bora kuliko yote. Urafiki wao umeingia mtihani.

Nilimuuliza kama anajuta kwamba nilimuuliza lile swali. Akafikiri kidogo. Akasema, "Kidogo, mjomba."

Nimelipenda jibu hilo kwa ukweli wake. Haki ina gharama, na anayekwambia haina, aghalabu hajawahi kuilipa. Ni rahisi kulia juu ya mtu aliyekufa Atlanta mwaka 2006. Kilicho kigumu ni kuuondoa wimbo wako bora, au kwenda Temeke kukaa kwenye benchi.

Kwa hiyo, wewe mwenye studio ya mtaani unayenyofoa taarab ya zamani kutengeneza mdundo, wewe mwenye ukumbi, wewe mtangazaji mwenzangu, sikukatazi. Muziki wote hukopa, na mdundo wa Bibi Okuda usingefika Kingston, wala Jamaika isingefika London, bila kukopana. Ninachokuomba ni kwamba kabla hujaweka jina lako, uulize nani mwingine yumo humo ndani. Uliza angali hai na anaweza kukujibu, hata kama jibu lake litakuwa bei.

Albamu ya vijana wale, kwa ruhusa yao, nitaipiga hewani Jumamosi ijayo usiku, ikiwa na nyimbo tisa au nane, kadiri watakavyokuwa wameamua. Ukisikia redio yako inakoroma, usiipige kofi. Iko sawasawa.

Hadi wiki ijayo, nakutakia mapumziko mema.